Sheria ya Kuchelewa

Wanafunzi walimwita Bi Katiba, naye alijifanya hajui. Jina lilikuwa limerithishwa kwa miaka mingi, dada akimwachia mdogo wake pamoja na sare iliyofifia, na ukweli ni kwamba alilipenda. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye magoti mabovu na sauti ambayo walimu wa madarasa ya jirani waliilalamikia kwa heshima. Alifundisha uraia, somo ambalo kila ratiba ilipobana ndilo lilikuwa la kwanza kupunguzwa.

Kumweleza kijana bunge ni nini bila kumpa bunge, alisema, ni kumsomea mwenye njaa bei za sokoni. Kwa hiyo kila mwaka, masomo yalipofunguliwa, alijibanza kwenye dawati la nyuma akawaacha wanafunzi wajichagulie spika na kujitungia sheria za kipindi chake. Sheria nyingi hazikudumu. Kuna mwaka walipiga marufuku kumcheka mwenzao aliyekosea, ikavunjwa siku hiyohiyo na kijana aliyeipendekeza. Lakini moja kila darasa liliipitisha upya, nayo ilikuwa sheria ya kuchelewa. Kipindi cha uraia kilikuwa cha kwanza asubuhi. Kengele ikilia, spika anagonga meza kwa kifutio cha ubao na kikao kimeanza, mwalimu awepo asiwepo. Anayechelewa anasimama nyuma na kutoa sababu mbele ya wote. Darasa linapiga kura. Likikubali, anakaa. Likikataa, au mwenyewe akinyamaza, anasimama mpaka kengele ya kutoka.

Palikuwa daima na mmoja mwenye ulimi mwepesi wa kuuliza, na mwalimu je? Na mwalimu pia, alijibu Bi Katiba, na darasa likapiga makofi. Ilikuwa ahadi rahisi. Hakuwa amechelewa tangu aanze kazi, na moyoni alijionea fahari kwa hilo kuliko ilivyompasa.

Mambo yaliharibikia nyumbani. Mumewe, aliyemwita Mzee, alikuwa amestaafu kazi ya kutunza stoo ya hospitali. Enzi zake alining'iniza shada la funguo kiunoni, ukamsikia kabla hujamwona, na hakuna bomba la sindano lililopotea mikononi mwake. Sasa kumbukumbu ilikuwa inamtoka kidogo kidogo. Alisahau chai aliyokunywa, akasahau majirani, lakini stoo hakuisahau. Kila alfajiri aliamka kabla ya mkewe, akafunga mlango wa nje, akauficha ufunguo mahali ambapo wezi wasingeufikia. Bi Katiba aliukuta kwenye sukari. Aliukuta ndani ya soksi. Safari moja aliukuta kwenye redio, mahali pa betri, baada ya Mzee kulalamika kutwa nzima kwamba siku hizi vitu ni feki, redio mpya imekufa. Kisha palikuwa na kumwogesha. Kuna asubuhi alitulia kama mtoto, na kuna asubuhi alimwona mkewe kuwa ni mkaguzi kutoka makao makuu, akataka kwanza kuona kitambulisho.

Kutwa nzima hakuwa na shida. Fundi cherehani wa nyumba ya pili alihamishia mashine yake kwenye baraza yao, akashona huku akimtupia jicho. Shida ilikuwa asubuhi tu, na hiyo asubuhi Bi Katiba aliificha kuliko Mzee alivyoficha ufunguo.

Alimficha hasa wifi yake. Dada mkubwa wa Mzee alikuwa mwanamke wa maneno machache, na yote yalikuwa amri. Alijua kwamba ndugu yake anasahau. Hakujua ni kwa kiasi gani. Tangu mwanzo alikuwa ametamka: "Wifi, siku ukishindwa, usinifiche. Uache shule umtunze, au mimi nije nimchukue." Bi Katiba alimjua kuwa akisema anatenda. Usiku akiwa kitandani alijaribu kuchagua, akaona hawezi. Mzee alikuwa mume wake hata siku alizomwita mkaguzi. Na lile darasa lenye vumbi la chaki ndipo mahali pekee alipokuwa bado anajua afanye nini. Akaazimia kwamba hakuna atakayejua. Tena awe mwangalifu shuleni, kwa sababu mjukuu wa wifi, kijana mwenye kupinga kila kitu ambaye wenzake walimwita Wakili, alikuwa amekaa safu ya mbele akiwa na masikio mawili mazima. Lolote lililosemwa mle ndani lingefika mezani kwa wifi kabla ya chakula cha mchana.

Siku ufunguo ulipogoma kuonekana, alichelewa kwa mara ya kwanza. Alifika mlangoni akihema na kukuta kikao kimeshaanza. Spika wa mwaka ule alikuwa kijana mnene mwenye kucheka hovyo, aliyeshinda uchaguzi kwa kuahidi vipindi vifupi. Alipomwona mwalimu, kicheko kilimkauka. Darasa zima likageuka. Bi Katiba akaenda nyuma mwenyewe, akasimama, na aliposubiriwa sababu, ulimi wake ukatoa kitu ambacho hakuwa amekiandaa. Akasema gari alilopanda lilipasuka tairi.

Wakili akainua mkono na kutaka kujua, la mbele au la nyuma.

"La nyuma," akajibu bila kupepesa macho.

Mikono ikainuka karibu yote. Akakaa, wakacheka, naye akacheka, na kicheko hicho kilimkaa kifuani kama kitu alichomeza bila kutafuna.

Muda mfupi baadaye mlango ukafunguka tena. Aliingia msichana ambaye darasa lilimwita Bibi Harusi, kwa kuwa siku zote ndiye aliyesubiriwa. Alikuwa mwembamba, msafi, mwenye kutazama chini. Hakungoja kuambiwa. Alikwenda mpaka ukutani na kusimama. Spika akamuuliza sababu kwa mazoea tu, naye akanyamaza kwa mazoea, na kikao kikaendelea. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu muhula uanze. Bi Katiba alishamwita pembeni mara moja kumuuliza kulikoni, msichana akasema hakuna kitu, mwalimu, na mwalimu, mwenye madaftari ya kusahihisha, akaona ni kiburi cha umri. Zaidi ya hapo, aliridhika. Alipomtazama pale nyuma aliona sheria inafanya kazi yake bila upendeleo. Ndiyo, aliridhika, na si vizuri kumfichia.

Mara ya pili aligeuza nyumba juu chini. Alipekua sukari, soksi, viatu, redio, akainua mpaka godoro. Mzee alikuwa kitini akimtazama kwa upole akihangaika, na hatimaye akamuuliza anatafuta nini. Akamwambia ufunguo. Mzee akafungua kiganja. Ulikuwa mkononi mwake muda wote, umemwachia alama nyekundu kwa jinsi alivyoubana.

"Ungesema mapema," akasema Mzee. "Stoo watu huomba."

Njia nzima Bi Katiba alijitungia sababu. Nzuri zilikuwepo, hata za kumridhisha Wakili. Lakini alipofika na kuona zile nyuso zimegeuka, nyuso ambazo juzi tu alikuwa akizifundisha kwamba raia hudai kuambiwa ukweli na wenye madaraka, alishindwa. Uongo ulikuwa tayari mdomoni ukakataa kutoka. Na ukweli nao hakuweza kuusema. Akanyamaza.

Spika alimuuliza mara ya pili, taratibu, kama anayeomba msamaha. Akatazama dirishani, akatazama kifutio, akasema labda tuendelee tu na mada ya leo. Wakili akasimama. Hakuwa na ubaya, alikuwa ameamini tu kila alichofundishwa. Akakumbusha kwamba sheria inasema anayechelewa, haisemi mwanafunzi anayechelewa. Spika akamtazama mwalimu kwa macho ya kuomba kuokolewa. Bi Katiba akatikisa kichwa kukubali: endelea, mwanangu.

"Basi simama, mwalimu," akasema spika, na sauti ikamkatikia njiani.

Akasimama ukutani kando ya Bibi Harusi, aliyekuwa ameshafika. Alikuwa hajapata kuliona darasa lake kutoka pale. Jua la asubuhi liliingia kwa dirisha la upande na kuupiga ubao, ukang'aa wote, na maandishi yakapotea. Kumbe msichana huyu muhula mzima hakuwa anasoma kitu. Magoti yakaanza kumsumbua. Akahamisha uzito kwenda mguu mmoja, kisha mwingine, na aibu ikamwenda mwilini kama homa.

Bibi Harusi akasogea kidogo.

"Njoo huku, mwalimu," akamnong'oneza. "Ukuta wa huku una ubaridi. Egemeza mgongo, usiegemeze bega. Magoti hayataumia sana."

Bi Katiba akafanya kama alivyoelekezwa, na kweli akapata nafuu. Spika alikuwa akisoma kwa sauti kitabuni, darasa likijifanya linasikiliza. Baada ya kitambo msichana akauliza, bila kugeuza kichwa:

"Na wewe unauguza?"

Akashtuka. Akamuuliza nani kamwambia.

"Mkono wa gauni lako. Umelowa mpaka kwenye kiwiko. Wangu huwa hivyo hivyo."

Akamtazama mkono. Sare ya msichana ilikuwa imelowa na kuanza kukauka, na ukingo wa maji umechora mstari juu ya kiwiko. Mstari huo alikuwa ameuona mara nyingi, na mara zote aliuona kama uchafu wa njiani. Msichana akamweleza kwa maneno machache kwamba ni mama yake, hainuki kitandani, na nyumbani wapo wawili tu. Asubuhi lazima amsafishe, ambadilishe shuka, amlishe, ndipo aje.

Bi Katiba akauliza kwa nini hakusema. Darasa lingemkubalia, hata Wakili.

"Siwezi kumleta mama yangu hapa apigiwe kura," akasema Bibi Harusi.

Kengele ililia, wakatoka. Walimu wenzake walimsalimia koridoni na hakuwaitikia. Siku hiyo nzima alifundisha kama mtu anayeota. Alikuwa amewafundisha vijana kwamba sheria mbaya hurekebishwa na yule inayemuumiza, asimame tu aseme. Hakuwahi kujiuliza itakuwaje ikiwa kusema kwenyewe ndiko kunakoumiza. Nyumbani alimwandalia Mzee chakula, akamkata kucha, na Mzee akamshukuru na kumuuliza kama mume wake hatagomba akichelewa kurudi. Akamjibu kwamba mume wake ni mtu mwema, hana ugomvi. Kisha akaingia jikoni akalia kidogo, akanawa uso.

Ijumaa ilikuwa siku ya marekebisho, siku ambayo mjumbe yeyote aliweza kuleta hoja. Bi Katiba aliwahi, akainua mkono kama wengine akiwa amekaa dawati la nyuma, na spika, ambaye hakujua aweke wapi mikono yake, akampa nafasi. Akapendekeza kifungu kimoja kiongezwe. Anayechelewa kwa sababu ana mgonjwa nyumbani aseme neno moja tu, nauguza, aende akakae. Asiulizwe ni nani, anaumwa nini, wala asipigiwe kura.

Wakili alisimama kabla hajamaliza. Akasema kwa heshima zote kwamba mlango huo utapitisha kila mvivu. Mtu akilala mpaka jua kali, atakuja kusema anauguza. Darasa litajuaje? Wengi waliguna kwa kuafiki, na hoja, tuseme haki, ilikuwa nzito.

Bi Katiba alijua jibu. Alijua pia kwamba jibu hilo likitoka litakwenda moja kwa moja mpaka kwa wifi, na kwamba kufikia jioni huenda nyumba yake ikawa haina mtu. Akashika ukingo wa dawati, akasimama.

"Mnakumbuka lile tairi?" akauliza.

"La nyuma," akasema Wakili.

"Hakukuwa na tairi. Sikupanda hata gari." Kicheko kilianza, kisha kikafa chenyewe. "Mume wangu anaumwa. Kumbukumbu imemtoka. Anafunga mlango, anaficha ufunguo, na kuna asubuhi hanijui mimi ni nani. Niliona haya kusema, nikawadanganya, na mkanipigia kura nikakaa. Lakini humu ndani yupo ambaye hakudanganya hata siku moja, mmemsimamisha tangu muhula uanze. Sheria yetu imenikalisha mimi mwongo, ikamsimamisha yeye. Na mimi nilikuwa hapo mbele, nikifurahi kwamba inafanya kazi."

Hakuna aliyegeuka kumtazama Bibi Harusi. Hilo Bi Katiba alilikumbuka baadaye kuliko mengine yote. Walijua ni nani, na kila mmoja alitazama dawati lake. Spika akagonga meza kwa kifutio, polepole, akaita kura. Mikono ikainuka. Wa Wakili ulichelewa kuliko yote, akasema anakubali lakini anataka ijulikane kwamba bado ana wasiwasi wake. Bi Katiba akamwambia ana haki nao, na akaona fahari, safari hii fahari ya haki.

Wifi alifika siku hiyohiyo, kabla ya jua kuzama, na begi mkononi. Hakusalimu sana. Fundi cherehani alipomwona alikumbuka ghafla kwamba ana kitambaa cha kukata nyumbani kwake. Bi Katiba alikuwa amejiandaa, maneno ya kujitetea ameyapanga tangu njiani, lakini wifi alimpita akaingia ndani kwa ndugu yake. Kutoka barazani alimsikia akitoa amri kwamba ainuke, avae viatu, wanaondoka. Akasikia pia sauti ya Mzee, tulivu, ya kazini, ikimuuliza yeye ni nani, na nani kamruhusu kuingia stoo.

Amri haikurudiwa. Wifi alipotoka alikuwa anajifuta macho kwa upindo wa mtandio, na alionekana mzee ghafla.

"Mimi ndiye niliyembeba mgongoni," akasema. "Ananiuliza mimi ni nani."

Bi Katiba akamshika mkono, akamkalisha kwenye kiti cha fundi cherehani. Wifi akauliza kama Mzee humtambua yeye mkewe. Akamjibu kweli: kuna siku. Wakakaa. Mzee alisikika ndani akizunguka, akijaribu vitasa kimoja kimoja, akikagua.

"Kwangu atapotea," wifi akasema mwishowe. "Hapa angalau anajua mahali pa kuficha ufunguo." Akavuta begi, akatoa nguo zake mwenyewe. "Nitakuja kulala siku mbili tatu za wiki, nikushike mkono asubuhi. Si zote. Na mimi nina magoti. Lakini wifi, ulinificha."

"Nilikuogopa," akasema Bi Katiba.

"Ulifanya vizuri," akajibu wifi, na kwa mara ya kwanza kwa miaka wakacheka pamoja.

Kwa hiyo muhula ukaendelea. Asubuhi alizokuwepo wifi, Bi Katiba aliwahi. Nyingine alichelewa, akasimama mlangoni, akasema nauguza, akaenda mbele kufundisha. Bibi Harusi alisema nauguza kwa sauti ambayo mwanzoni haikufika hata dawati la kwanza, kisha ikafika. Alikaa kwenye benchi karibu na dirisha, mahali ambapo ubao ulisomeka, na ikaja kujulikana kwamba ana maswali, na mengine Wakili mwenyewe alishindwa kuyajibu. Mvivu mmoja kweli alijaribu kusema anauguza. Alipokaa alijikuta kando ya Bibi Harusi, akakiona kiwiko cha msichana kimelowa, na siku ya pili akaja mapema.

Kisha ikaja likizo fupi, na shule ikafunguliwa tena.

Siku hiyo wifi alikuwepo, kwa hiyo Bi Katiba alifika kabla ya wanafunzi kuanza kujaa. Alifungua mlango wa darasa akitegemea madawati matupu. Bibi Harusi alikuwa ameshakaa karibu na dirisha, daftari wazi mbele yake, mikono juu ya daftari. Mikono ya sare yake ilikuwa mikavu, imepigwa pasi.

Bi Katiba akasimama palepale mlangoni. Hakuhitaji kuuliza, lakini msichana alimwambia.

"Siuguzi tena, mwalimu."

Akaenda akakaa naye kwenye benchi. Akamzungushia mkono, na msichana akaegemeza kichwa kwenye bega la mwalimu wake, wakabaki hivyo wakati wenzao wakiingia mmoja mmoja. Kila aliyeingia aliwaona, akaliona benchi limekaliwa mapema, akaelewa, akaketi bila kuburuta kiti. Kengele ikalia. Spika alishika kifutio mkononi asikigonge. Siku hiyo kikao kilichelewa kuanza, na hakuna aliyeulizwa sababu.

Kesho yake wifi alikuwa amerudi kwake. Mzee alikuwa ameamka alfajiri, akafunga, akaficha. Bi Katiba alitafuta kwenye sukari, kwenye soksi, kwenye redio. Nje watu walikuwa wanapita kwenda makazini, naye alijua saa zinakwenda. Akaacha kutafuta. Akavuta kiti akaketi mbele ya mumewe, akamshika ile mikono iliyozoea kubeba funguo, na akamwomba, kama watu wanavyoomba stoo, kama anaweza kupata ufunguo wa mlango wa nje.

Mzee akafikiri. Akamtaka aseme jina lake. Akalisema. Mzee akalirudia jina hilo polepole, mara mbili, akitabasamu kana kwamba analijua mahali fulani, kisha akaanza kutafuta naye, kwa sababu alikuwa amesahau alikouweka. Walitafuta pamoja chumba kwa chumba, bila haraka, na ni yeye Mzee aliyeukuta.

Alifika shuleni kipindi kikiwa katikati. Nyuso zikageuka, na ya Bibi Harusi ikiwa mojawapo, karibu na dirisha. Bi Katiba akasimama mlangoni na mkono wa gauni umelowa mpaka kwenye kiwiko.

"Nauguza," akasema, na safari hii alilisema kama mtu anayetaja mali yake.